Gitaa Langu la Miaka 57

Kwa miezi miwili ya mwanzo niliamini kwamba umri ndio ulionishinda. Nilinunua gitaa lililotumika nikiwa na miaka 57, baada ya kushona nguo hapa Kirumba, Mwanza, kwa zaidi ya miaka 30, nikidhani vidole vilivyozoea sindano na mkasi havitaogopa waya. Kumbe mkono unaoteseka ni wa kushoto, ule ambao kwenye cherehani kazi yake ni kuongoza kitambaa tu, na kila jioni ncha zake ziliwaka moto kiasi kwamba nilishindwa hata kukamua nguo.

Kijana anayenifundisha, mpiga gitaa wa kwaya yetu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasimamisha rula juu ya chuma cha 12 kati ya vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo ya gitaa. "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "uzi uko juu milimita 4," aliniambia. "Hapa hata mimi ningeumia." Akalegeza nyuzi, akachomoa kile kipande cheupe kinachozibeba chini ya tundu, akaanza kukisugua upande wa chini kwa msasa aliokuwa ameulaza juu ya meza yangu ya kukatia. Alinieleza kwamba chuma cha 12 kiko katikati ya urefu wa uzi, hivyo ukitaka uzi ushuke milimita 1 pale, huna budi kuondoa milimita 2 kwenye kipande kile. Alisugua kidogo, akapima, akasugua tena, kama ninavyofanya mimi ninapopunguza kiuno cha suruali ya mteja. Nyuzi ziliporudishwa nilibana kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya E maina, ambayo inataka vidole viwili tu, na kwa mara ya kwanza zote sita zikalia bila hata mmoja kukwaruza.

Ninawaandikia hasa wenzangu wa umri huu, kwa sababu najua wapo walioliweka gitaa juu ya kabati wakiamini mikono imekwisha kukauka. Tafadhali, chombo kipimwe kwanza. Maumivu yanayobaki ni ya kweli, lakini kwangu dakika 15 za kila siku zimeyatuliza kuliko saa mbili za Jumapili.

Kodi ya F, ambayo humtaka mtu abane nyuzi zote sita kwa kidole kimoja, bado sijaigusa. Ninachojivunia ni masikio. Nimekulia Mara, mkoa aliozaliwa mwanamuziki D. O. Misiani wa bendi ya Shirati Jazz mwaka 1940, na benga, muziki wa Waluo ambao gitaa lake hudonoa sauti moja moja kwa kuifuata nyatiti, ala yao ya jadi ya nyuzi nane, nimeisikia tangu utotoni. Wimbo ukikosea njia, ninajua papo hapo, hata kama vidole havijui pa kurudi.

Jana jioni, taa za wavuvi wa dagaa zilipoanza kuonekana ziwani, nilihama kutoka G kwenda C mara 14 bila kusimama, ndipo kidole cha pete kikakosa uzi wake.