Muziki ulikuwa unakwaruza, kumbe ni geini

Wakuu, nimepumua. Mwezi mzima kila nikipiga muziki harusini hapa Mbeya besi ilikuwa inakwaruza. Nikabadilisha waya, nikaazima spika Uyole, nikashusha masta, yaani sauti ya jumla ya mikisa. Wapi! Sauti ilipungua, mikwaruzo ikabaki palepale.

Juzi nikaanza upya: ekwalaiza zote (vitufe vya besi na sauti kali) katikati, fada (kitelezi cha sauti ya chaneli) chini, nikacheza kipande cha wimbo chenye kishindo kuliko vyote. Nikapandisha geini ya chaneli, yaani kitufe cha nguvu ya sauti inapoingia kwenye mikisa, taratibu mpaka taa za mikisa zikacheza kwenye kijani, njano ikigusa kidogo tu. Nyekundu hapana. Ndipo nikapandisha fada, halafu masta, na amplifaya ikawa ya mwisho kuguswa.

Sauti ikishapasuka kwenye geini, masta haiiponyi. Na nyimbo za zamani nyingi zimerekodiwa chini, hivyo geini naigusa kila nikibadilisha wimbo.