Tamu gani? Nilivyojifunza kunywa waini nyekundu

Kosa lilianzia kwenye neno moja: tamu. Shemeji yangu, mume wa dada, alinimiminia glasi yangu ya kwanza ya waini nyekundu, nikamuuliza kama ni tamu. "Tamu sana, shemeji," akajibu, bila hata kupepesa macho. Mimi kichwani nikaweka juisi ya zabibu, nikapiga funda la mtu mwenye kiu. Lo! Koo likawaka, ulimi ukakauka kama umefutwa kwa gazeti, mashavu yakavutwa ndani. Watu walikuwa wananitazama, basi nikameza na kutabasamu kama bwana harusi aliyebanwa na viatu. Kiswahili chetu kinaita tamu kitu chenye sukari, na kinaita tamu pia kitu kinachopendeza mdomoni. Yeye alisema la pili, mimi nikasikia la kwanza.

Baada ya hapo nikapewa ushauri na kila aliyewahi kushika glasi yenye shina refu. Karibu wote waliniambia neno lile lile: vumilia. Kunywa tu, siku moja itakubali. Nimevumilia miaka miwili kasoro, na nawaambia kwa herufi kubwa kwamba HAIKUBALI. Kuvumilia kitu usichojua kinakuudhi wapi ni sawa na kukanyaga msumari kila siku ukitegemea mguu utazoea.

Ushauri mbovu kuliko yote ulitoka kwa shemeji huyo huyo: "Anza na nzito kabisa. Ukiizoea hiyo, nyingine zote zitakuwa maji." Nikatafuta Cabernet Sauvignon, aina ya waini nyekundu nzito, changa, nyeusi kama wino, ya bei ya kuuma kidogo ili nisiweze kuimwaga. Nikaiweka juu ya kabati, mahali penye joto kuliko pote ndani ya nyumba. Kila Ijumaa usiku nilijipimia glasi kama mgonjwa anayepimiwa dawa. Ijumaa moja nilikuwa nimeshapiga mswaki ndipo nikakumbuka dozi yangu. Sitasahau. Dawa nyingi za meno zina kitoa povu ambacho kwa muda kidogo huuzima ulimi usihisi utamu, na uchungu ukauhisi maradufu. Nilisimama jikoni nimeinamia sinki, machozi yananilengalenga, huku nikijiuliza nani alinituma.

Nilijaribu pia kuchanganya na soda ya kola na barafu. Usicheke, kule Hispania, hasa nchi ya Wabasque, vijana wanakunywa hivyo na kinywaji kina jina lake, kalimotxo. Kinanyweka vizuri sana. Ila baada ya mwezi niligundua kwamba nilichojifunza kupenda ni soda.

Kilichonitoa shimoni ni chai. Hapa naomba nisimulie taratibu maana ndipo ninapojivunia.

Jioni moja nilisahau majani ya chai kwenye kikombe cha maji ya moto, nikaja kukuta chai imepoa na imekuwa kama rangi ya viatu. Nikaonja bila sukari kwa uvivu tu wa kutengeneza nyingine. Mdomo ukafanya kile kile! Mashavu yakavutwa, ufizi wa juu ukakauka, ulimi nikiusugua kwenye paa la mdomo unakwaruza badala ya kuteleza. Nikabaki nimeshika kikombe. Hii hali naijua, na jina lake ninalo tangu utotoni: ukakasi. Ndizi mbichi ina ukakasi. Siku zote nilikuwa nasema waini ni chungu, kumbe si uchungu ulionisumbua. Uchungu ni ladha, unasikika ulimini na kupita. Ukakasi ni mguso zaidi kuliko ladha, unaushika mdomo mzima na hautoki.

Nikachukua vikombe viwili vya chai ile ile mbovu. Kimoja nikakiacha, kingine nikatia vijiko viwili vya maziwa. Cha kwanza kilikwaruza. Cha pili kiliteleza. Majani ni yale yale, maji ni yale yale, ukakasi umekwenda wapi? Nikasoma mpaka usiku wa manane. Ndani ya chai kuna tanini, na ndani ya waini nyekundu kuna ndugu zake, zitokazo kwenye maganda, mbegu na vikonyo vya zabibu, na nyingine kwenye mapipa ya mwaloni. Tanini ikikutana na protini inaing'ang'ania. Mate yetu yana protini zinazofanya mdomo uteleze; tanini inazikamata, zinagandamana, na ule utelezi unapotea. Maziwa yanaipa tanini protini nyingine ya kushika kabla haijafika kwenye mate yako.

Ndiyo maana waini nyeupe haikuwahi kunitesa. Zabibu zake hukamuliwa na maganda kutupwa kabla ya kuchachuka. Nyekundu inachachuka pamoja na maganda, na huko ndiko inakopata rangi na ukakasi kwa mkupuo mmoja.

Kesho yake nikaitoa ile Cabernet, chupa nyingine ya aina ile ile, nikakata kipande cha jibini ngumu yenye chumvi. Nikanywa funda dogo bila kitu: gazeti. Nikatafuna jibini, nikanywa tena: kwa mara ya kwanza nikasikia tunda. Sijui niliite tunda gani, lilikuwa kama zambarau iliyoiva kupita kiasi, lakini lilikuwepo, na lilikuwepo siku zote nyuma ya ule ukuta. Nilicheka peke yangu. Nyama ya mafuta inafanya kazi hiyo hiyo. Samaki usijaribu na nyekundu nzito, mdomo utabaki na ladha ya chuma. Na pilipili kali inaamsha moto wa pombe, utadhani umekunywa taa.

Chumvi nayo inapunguza uchungu, hilo ni kweli, nikajifanya mkemia nikatia ndani ya glasi. Punje mbili tatu zilisaidia. Mkono ukateleza. Glasi nzima ikawa maji ya bahari, nikaimwaga nikiangalia pembeni.

Basi nikaacha kuanza na nzito, nikageuza ushauri wa shemeji miguu juu kichwa chini. Kama unaanza leo, tafuta zabibu zenye tanini kidogo: Gamay, ile ya Beaujolais huko Ufaransa, au Pinot Noir, ambayo ganda lake ni jembamba. Ukiinua glasi kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Kuna pia Lambrusco ya Italia, nyekundu yenye mapovu, na nyingine zina sukari kidogo. Hiyo ni daraja zuri kwa aliyetoka kwenye soda kama mimi. Kutoka hapo nikapanda Merlot, halafu Malbec ya Argentina, halafu Pinotage ya Afrika Kusini. Hiyo Pinotage naipenda kwa hadithi yake pia: mwaka 1925 kule Stellenbosch, mtaalamu wa zabibu Abraham Perold alichavusha zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsault, na mtoto akatoka hafanani na mzazi yeyote.

Angalia pia neno "kavu" kwenye waini, maana nalo lilinichanganya karibu kama tamu. Waini kavu ni isiyo na sukari iliyobaki. Haihusiani na mdomo kukauka. Unaweza kununua waini yenye sukari na bado ikakuachia ukakasi, na unaweza kupata kavu inayoteleza kama maji.

Halafu joto. "Waini nyekundu inanywewa kwa joto la chumba, shemeji, usiitie friji utachekwa." Chumba kipi? Msemo huo ulizaliwa kwenye nyumba za Ulaya za zamani, zilizokuwa baridi. Nzito inapendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18 hivi, nyepesi hata 12 hadi 14. Waini ya nyuzi 28 inatoa moshi wa pombe puani kabla hujaionja, na hiyo ndiyo niliyokuwa nakunywa kutoka juu ya kabati. Sasa naiweka kwenye friji nusu saa, nyepesi nazidisha kidogo. Ila usilaze nzito humo usiku kucha ukainywa hivyo hivyo, nimefanya: baridi kali inaamsha ukakasi upya, nikarudi kwenye gazeti langu. Ikikutokea, ishike glasi kwa viganja na usubiri.

Mengine ni madogo madogo. Jaza theluthi ya glasi ili harufu ipate pa kukaa. Kunywa kidogo, kula, pumzika, kunywa maji, kwa sababu ukakasi unajilimbikiza funda baada ya funda na la tano linakuwa baya kuliko la kwanza hata kama waini ni ile ile. Na wakati wa kujifunza, tema! Waonjaji wa kazi wanatema, sembuse sisi. Chupa ya mililita 750 yenye pombe asilimia 13 si mchezo, na baada ya glasi ya tatu kila kitu kinaonekana kitamu, kwa hiyo hujajifunza lolote. Iliyobaki izibe, iweke kwenye friji, itakaa siku tatu hivi. Iliyogeuka siki ipikie.

Kuna chupa moja lazima niitaje. Nilikuwa nimeshajiona fundi, nikaalika watu, nikafungua kwa mbwembwe. Ilinuka kadibodi iliyoloa mvua. Nikajisemea, huu bila shaka ndio ule unaoitwa uzito wa harufu, nisiaibike. Nikanywa nusu glasi nikitikisa kichwa kama naelewa, nikasema ina "udongo udongo". Shemeji alipoingia alinusa mara moja tu, akaibeba chupa moja kwa moja hadi kwenye sinki. "Hii imeharibiwa na kizibo, shemeji. Ulikuwa unaisifia?" Ni kweli, kuna kemikali inayotokana na ukungu kwenye kizibo, haidhuru mtu lakini inaua ladha yote ya tunda. Wageni wananikumbusha udongo udongo mpaka leo.

Sasa hivi nakunywa glasi moja na chakula, mara mbili kwa wiki, na ninaisubiri kwa hamu. Barolo, waini nyekundu ya Italia, bado sijaiweza na sioni aibu. Zabibu yake, Nebbiolo, inatoa waini yenye rangi hafifu ya kukudanganya, halafu inakukamata mashavu. Wiki iliyopita shemeji alikuja nayo moja, akamimina, akanisogezea.

"Onja hii, shemeji. Tamu."

"Tamu gani?"

Akafikiri kidogo, akacheka, akaenda kukata jibini.