Wakili dhalimu na mti wa shaba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Luka 16:1-13, mfano wa wakili dhalimu, yaani msimamizi wa mali ya tajiri. Wengi wetu hulipita mbio, na wahubiri nao hulikwepa, maana si kazi nyepesi kusimama madhabahuni na kueleza kwa nini bwana alimsifu mtu aliyechezea hati za madeni. Leo nawaomba tulisome huku tukimtazama Mholanzi mmoja, Walraven van Hall.

Jijini Amsterdam kuna uwanja uitwao Frederiksplein, mkabala na makao ya benki kuu ya Uholanzi. Tangu mwaka 2010 pamelazwa hapo mti mzima wa shaba, kazi ya msanii Mhispania Fernando Sánchez Castillo. Mizizi iko nje, shina limelala chini, matawi yametandazwa. Mtu akipita na baiskeli yake bila habari anaweza kudhani upepo umeuangusha usiku na manispaa bado haijaja kuuondoa. Ndiyo kumbukumbu ya van Hall, na imewekwa mbele ya benki ileile aliyoiibia.

Ndiyo, aliiibia. Nifuateni.

Alizaliwa mwaka 1906 katika ukoo wa watu wa benki. Ujanani alitaka ubaharia, macho yakamkatalia, akaishia kwenye biashara ya hisa. Ujerumani ilipoivamia nchi yao Mei 1940, mabaharia wengi walikuwa ng'ambo na meli zao, wakabaki hukohuko, na familia zao nyumbani zikakosa mshahara. Akaanza kuchangisha kwa ajili ya hao. Kisha wakaja wengine: Wayahudi waliofichwa majumbani mwa watu, vijana waliokimbia kupelekwa kufanya kazi za shuruti Ujerumani, wachapaji wa magazeti ya siri. Mtu aliyejificha hana kadi ya mgao wa chakula wala kipato, na anayemficha naye ana watoto wake wa kulisha. Huruma peke yake haifiki Ijumaa. Lazima mtu alete fedha, na wiki ijayo alete tena.

Septemba 1944 serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London iliwataka wafanyakazi wa reli wagome. Waligoma watu wapatao 30,000. Hebu fikirini hesabu hiyo: kaya zote hizo zinahitaji kula katika majira ya baridi yaliyokuja kuitwa ya njaa, na malipo yenyewe lazima yapite mikononi mwa watu kwa siri, chini ya pua ya Wajerumani.

Michango na mikopo ya matajiri haikutosha. Benki kuu wakati huo ilikuwa chini ya rais aliyekuwa mfuasi wa Wanazi. Van Hall, kaka yake Gijs na wenzao waliokuwa ndani ya benki wakatengeneza hati bandia za hazina, wakaziweka mahali pa zile halisi, na zile halisi wakazigeuza kuwa fedha taslimu. Kwa njia hiyo zilitoka gilda (fedha ya Uholanzi ya wakati huo) milioni 50 hivi. Jumla ya fedha zilizopita katika mfuko wao wa siri ilizidi milioni 80.

Najua kuna atakayesoma haya na kufurahi kwa sababu mbaya. Kila kanisa lina mtu anayeisifu sana busara ya wakili yule, hasa siku ukaguzi unapokaribia. Ndugu yangu, subiri kidogo. Hawa walioghushi hati ndio hao hao waliotunza hesabu. Aliyewakopesha hakuweza kupewa stakabadhi ya kawaida, maana karatasi hiyo ikikutwa kwake ni kifo. Badala yake alipewa hati ya hisa iliyokwisha kupoteza thamani, ya kuwa ushahidi wake vita vikiisha. Hati ya namna hiyo askari akiiona haimwambii kitu. Baada ya vita serikali ikalipa mikopo ile. Walimdanganya dhalimu, lakini aliyewaamini hawakumdhulumu.

Hapo ndipo mstari wa 10 unapokaa mahali pake: "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia." Bwana Yesu anausema mara tu baada ya kutuambia, "Jifanyieni rafiki kwa mali ya udhalimu." Mistari hii hutenganishwa sana kwenye mahubiri, wa 9 ukaachwa na wa 10 ukachukuliwa kwa ajili ya harambee. Sioni ruhusa ya kufanya hivyo. Wale wakunga Shifra na Pua, walioamriwa kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania, nao walimdanganya Farao, na Kutoka 1:20 inasema Mungu akawatendea mema. Hawakuchuma kitu kwa uongo wao. Watoto ndio waliopona.

Van Hall alikamatwa Amsterdam tarehe 27 Januari 1945. Tarehe 10 Februari alitimiza miaka 39. Siku mbili baadaye alipigwa risasi Haarlem pamoja na wengine saba. Aliacha mke na watoto watatu. Vita viliisha Uholanzi mwezi Mei mwaka huohuo.

Ilipita miaka 65 ndipo mti ule ukalazwa pale. Sishangai sana. Hata kwetu, mwimbaji tunamjua kwa jina, mwinjilisti tunampokea kwa vigelegele, lakini mama anayekaa na daftari la wajane, anayejua nani hajalipiwa dawa na nani kodi imempita, tunamkumbuka siku tukimshuku. Mkutano wa jumuiya wiki hii nawaomba uanze na yeye. Mhazini asomewe Luka 16:10-12, si kwa kumtisha, bali kwa kumshukuru, na daftari lake lifunguliwe mbele ya wote ili asibebe peke yake mzigo wa siri za fedha.

Tuombe. Baba, wabariki wanaoshika fedha za wanyonge. Uwape akili kali na mikono safi. Watu waliojificha usiku huu kwa kuogopa wenye nguvu, uwapatie wa kuwaficha na wa kuwalipia chakula, na tukiitwa sisi, usituache tutafute visingizio. Kwa jina la Yesu. Amina.