Paa likiezuliwa na upepo mlimani: waya kwanza, bati baadaye

Mvua za mwanzo wa msimu huku Dodoma hutanguliwa na upepo. Ardhi imechomwa na jua miezi mingi, wingu zito linasimama juu ya milima ya Rubeho, hewa ya baridi inaporomoka kutoka ndani yake na kusambaa ardhini kwa kasi. Dakika kumi zinatosha nyumba ya hapa Kibakwe kubaki kuta tupu. Zinazopigwa zaidi ni zile zilizojengwa juu kabisa ya mgongo wa mlima, na zile zilizo kwenye mlango wa bonde, maana upepo ukibanwa kati ya vilima viwili huongeza mwendo.

Kesho yake fundi anaitwa, na swali la kwanza ni "tununue bati ngapi?" Kabla ya kulijibu, nenda ukalitazame paa lenyewe pale lilipoangukia shambani. Mara nyingi mabati bado yameshikamana na papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, papi nazo zimeshikamana na kenchi, fremu za mbao zinazobeba paa. Limeondoka zima, kama kofia. Kilichoachia ni pale kenchi ilipolalia ukuta, penye misumari miwili ya nchi nne na basi. Ukinunua mabati mapya ya geji 28 ukayagongomea juu ya kenchi ambazo hazijafungwa ukutani, umetengeneza kofia nyingine, ya bei kubwa zaidi.

Hesabu yake si ngumu. Upepo wa kilomita 100 kwa saa, kwa mwinuko wa mita 1,500, unaweza kulivuta paa kwenda juu kwa nguvu ya takriban kilo 40 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kona na kingo zaidi ya hapo. Bati la mita 3 likishapandana na wenzake linafunika kama mita mbili na robo za mraba, kwa hiyo linavutwa kwa kilo 90 hivi, karibu gunia la mahindi. Lenyewe halifiki kilo 10. Ndiyo maana jiwe la kilo kumi juu ya bati halisaidii kitu, isipokuwa kumwangukia mtu kichwani. Tembe la Wagogo, nyumba ya paa la udongo, haliezuliwi kwa sababu hiyo hiyo ikigeuzwa: udongo wa sentimita 20 juu ya miti una uzito wa kama kilo 300 kwa mita moja ya mraba. Tembe lina adui mwingine, mvua ya siku nne mfululizo, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Kabla hujapanda, zima meni swichi. Kama waya wa umeme umekatika au umegusa bati, usiguse chochote mpaka watu wa TANESCO wafike. Wenye sola wanajisahau: paneli ikiwa juani inazalisha umeme hata ikiwa imelala chini kwenye matope, kwa hiyo ifunike na kitenge kizito au igeuze kifudifudi kabla ya kushika waya zake. Kisha zunguka kuta. Tofali mbichi lililolowa limepoteza nguvu nyingi. Ukiona ufa unaopanda kwenye kona, au gebo, ule ukuta wa pembetatu, umeinama, usiegemeze ngazi hapo. Ushushe kwa mkono ukiwa upande wa nje, kozi kwa kozi, yaani mstari mmoja wa tofali baada ya mwingine.

Piga picha, mwite mtendaji wa kijiji aandike, halafu kusanya mabati siku hiyo hiyo. Bati lililolala shambani likipata upepo wa pili linakata kama panga.

Usiku wa kwanza usijaribu kuezeka nyumba nzima. Chagua chumba kimoja cha kulala na mahali pa kuhifadhi chakula, basi. Kama kenchi za upande huo zimebaki, turubai la mita 4 kwa 6 linatosha chumba cha mita tatu: urefu wa mita 6 ufuate mteremko, kiasi cha mita 1.2 kivuke mwamba, yaani kilele cha paa, na kushuka upande wa pili, na mita inayobaki ni ya kuvingirisha ncha. Kuvingirisha ndiko kunakofanya kazi. Ncha ya turubai ikunje mara tatu kwenye kipande cha mbao ya mbili kwa mbili, kisha kipigilie misumari kwenye kenchi, turubai likiwa limefichwa chini ya mbao. Ukipigilia msumari moja kwa moja kwenye turubai, upepo utalichana kuanzia kwenye tundu hilo, na asubuhi utakuta vipande vinapepea kama bendera. Ncha ya chini ipite ukuta kwa sentimita 30 ili maji yasirudi kwenye tofali. Lisibonyee popote. Palipobonyea pakikusanya maji ndoo mbili, kilo 40 zinaning'inia hapo.

Kwa upande wa nyumba ambao mabati yamebaki lakini yamelegea, chukua viroba, jaza mchanga nusu, vifunge viwili viwili kwa kamba ya katani na uvitundike kama mizigo ya punda, kimoja kila upande wa mwamba. Hiyo ni dawa ya usiku mmoja au miwili. Jua la Dodoma linakula kiroba cha plastiki, na mchanga ukimwagika unaziba gata.

Sasa kazi yenyewe. Yagawe mabati mafungu matatu: yanayorudi kama yalivyo, yanayonyooshwa, na ya kukatia viraka. Kunyoosha, lilaze bati juu ya mchanga mkavu na ugonge kwa kipande cha mbao. Nyundo ya chuma inang'oa madini ya zinki na kutu huanzia hapo. Tundu la msumari lililotanuka likawa mdomo haliwezi kushikwa na msumari mpya peke yake. Kata kipande cha bati cha sentimita 5 kwa 5, kata kingine kama hicho kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, mpira ukae chini na bati juu, kisha msumari upite katikati ya vyote viwili. Mpira wa tyubu ni laini na unajaza mikunjo. Raba ya ndala ni nene mno, inasinyaa kwa jua na kuacha mwanya baada ya msimu mmoja. Silikoni nayo haishiki kwenye bati lenye umande, na mlimani umande haukauki kabla ya saa tatu asubuhi. Saa hizo pia bati linateleza, kwa hiyo ukipanda kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana chini yake kuna papi.

Mbao zikaguliwe kwa bisibisi, si kwa macho. Choma ncha za kenchi pale zinapogusa ukuta, ndipo mchwa hupandia. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, mbao hiyo haina mjadala. Ikiwa imeoza ncha tu, kata na uibandikie pembeni mbao ya mbili kwa nne yenye urefu wa mita moja, misumari sita ya nchi nne, mitatu kila upande wa kiungo.

Tukija kwenye kufunga, hapa usibane matumizi. Watu wengi hutoboa ukuta kozi mbili chini ya juu, wakapitisha waya wa kufungia nondo mara moja na kuridhika. Waya ule ni mwembamba, na kozi mbili za tofali hazina uzito. Chukua ukuta wenye unene wa sentimita 15 na kenchi zilizoachana mita 1.2. Ukishuka sentimita 30, kila fundo limeshika ukuta wa kilo 90 hivi. Ncha ya kenchi ya nyumba yenye upana wa mita 6, kwa upepo ule ule, inavutwa kwa karibu kilo 170. Kwa hiyo shuka sentimita 60, upate kilo 180. Pungufu ya hapo paa litaondoka na tofali zake, na tofali zikianguka ndizo zinazoumiza.

Toboa kwa nondo ya milimita 12, taratibu, ukizungusha badala ya kugonga kama unavunja jiwe. Kwenye mdomo wa tundu, kila upande wa ukuta, laza kipande cha nondo cha sentimita 30 ili waya usikate tofali kama uzi unavyokata sabuni. Tumia waya wa mabati wa milimita 3, mara mbili. Upande juu pande zote mbili za ukuta, ukumbatie mbao iliyolala juu ya ukuta na kenchi yenyewe, kisha usokote kwa banio mpaka ukaze. Ukianza kung'aa kwenye msokoto, acha, hatua inayofuata ni kukatika. Kila fundo linakula mita 4. Nyumba ya kenchi sita ina ncha kumi na mbili, yaani mita 48, na hizo hazifiki kilo 3. Kwa kawaida ni pungufu ya bei ya bati moja. Jumlisha siku moja ya fundi na kibarua. Mashimo yazibwe kwa udongo au simenti.

Papi juu ya kenchi zipigiliwe misumari miwili, mmoja umelala kulia na mwingine kushoto. Msumari ulionyooka unatoka ulivyoingia. Kwenye papi ya mwisho chini na ile ya karibu na mwamba, ongeza waya kwenye kila kenchi.

Kuezeka, anzia magharibi uelekee mashariki, maana upepo wetu wa kila siku unatoka mashariki na kusini-mashariki. Hivyo mdomo wa kila bati lililo juu unautazama upepo kwa kisogo. Bati lipandane mgongo (mkunjo ulioinuka) mmoja na nusu kwa ubavu, na sentimita 20 kwa ncha. Msumari upite kwenye mgongo, kamwe si kwenye bonde, na uishie pale raba inapobanwa bila mgongo kubonyea. Bati la mita 3 lenye papi nne linataka misumari 14: minne kwenye papi ya kila ncha, mitatu kwenye kila moja ya zile mbili za katikati. Mafundi wenye haraka hupiga minane. Msumari wa zamani ulionyooshwa tupa, umeshapoteza zinki.

Baraza lisiwe mwendelezo wa kenchi za nyumba. Upepo huingia chini ya baraza kwanza, na kama mbao ni moja, linainuka na nyumba nzima. Lijengee mbao zake, likiondoka liondoke peke yake. Ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta usizidi sentimita 60. Uwazi wa moshi jikoni ukiwa upande mmoja tu unaujaza upepo ndani, uache pande zote mbili au uzibe.

Mlimani mbao nyingi ni za mlingoti (mkaratusi), na fundi wa dharura hana muda wa kusubiri zikauke. Mbao mbichi itasinyaa na kila fundo litalegea. Kwa hiyo ukimaliza kusokota usikate mkia wa waya. Acha sentimita 10 zimekunjwa kando ya kenchi, upate pa kushika na banio utakaporudi mwezi wa tano kukaza.