Fallout 76 ya sasa hivi siyo ile ya 2018, irudieni

Wadau wa gemu hapa Mbeya swali lao ni lilelile, eti hii Fallout 76 imekuwa nzuri kweli au watu wameanza kuipamba baada ya ile tamthilia ya Fallout ya Amazon kutoka 2024? Mi nasema imekuwa nzuri, tena sana, ila nataka nieleze ni nini hasa kimebadilika maana wengi wakiulizwa wanasema "wametoa bagi", yaani wameondoa hitilafu za gemu, wanaishia hapo, wakati bagi ni sehemu ndogo tu ya hii habari.

Tukumbushane kwanza ilivyotoka. Novemba 14, 2018, Bethesda wanaachia gemu ambayo huwezi kuicheza bila intaneti, ni mwaka 2102, miaka 25 imepita tangu mabomu ya nyuklia yashuke, wewe unatoka kwenye handaki la Vault 76 kwenda kuijenga upya West Virginia. Wazo tamu kabisa. Sasa unatoka nje, hakuna mtu. Yaani kwenye stori nzima hakuna binadamu aliye hai, ni maroboti, kanda za sauti na kompyuta za marehemu, unasikiliza sauti ya mtu anahangaika, unamfuatilia mlima na mlima, ukifika unakuta mifupa na kanda nyingine inayokupeleka kwenye mifupa mingine. Mpango wao ulikuwa kila binadamu utakayemwona awe mchezaji mwenzako, lakini seva moja ilikuwa inabeba watu kama 24 tu kwenye ramani kubwa vile, watatosha wapi? Hapo bado hujaongelea seva kudondoka, sanduku la kuhifadhia mzigo kuishia uzito wa 400, na wale waliolipa dola 200 wakaahidiwa begi la turubai wakaletewa la nailoni. Watu walikasirika na walikuwa na haki.

Kilichoigeuza hii gemu ni Wastelanders, Aprili 14, 2020, apdeti ya bure kwa kila aliyekuwa nayo. Watu wakarudi. Kukawa na walowezi wa Foundation upande mmoja na wale majambazi wa Crater upande mwingine, unaongea nao, unachagua jibu, unachagua upo na nani, na wanakukumbuka kwa ulichowafanyia. Mimi naihesabu hiyo ndo tarehe yake halisi ya kutoka. Mwaka huohuo mwezi wa tisa wakaleta One Wasteland, maadui wakawa wanaendana na levo ya kila mchezaji, kwa hiyo mgeni na mkongwe wanaweza kutembea pamoja bila mmoja kufa kila dakika, na hilo kwa watu wanaocheza na marafiki ni kubwa kuliko silaha yoyote waliyowahi kuongeza. Baadaye njaa na kiu navyo vikaacha kukuadhibu, siku hizi ukila na kunywa unapata faida, usipokula hupungukiwi kitu.

Na hawakuzitupa zile kanda za zamani, hapo nawashukuru sana. Nendeni Ash Heap, kule kusini mwa ramani ya gemu kwenye moshi na majivu, msikimbie kimbie, someni kompyuta za kule. Ni eneo la makaa ya mawe, kampuni mbili zinashindana, Garrahan wanatengeneza suti ya chuma ya kumpa nguvu mchimbaji, Hornwright wanatengeneza mashine ya kumwondoa mchimbaji kabisa, na katikati kuna watu wanaopoteza kazi, wanaandamana, na ardhi yao inaungua chini ya miguu yao. Sisi tuliokulia huku, tunaoijua Kiwira na makaa yake, tunaojua mgodi ukiwa unafanya kazi mji unakuwaje na ukisimama unakuwaje, hiyo stori inatuingia kwa namna yake. Nilisoma kila kitu kule, taratibu, na mpaka leo naona ndo sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote humo ndani.

Halafu kuna wachezaji wenyewe. Aisee. Nilipoanza nilikuwa pale nje ya Vault 76 na lile ovaroli la bluu, sina hata bunduki ya maana, akaja mtu kavaa suti ya chuma nzima nzima, nikajua nimekwisha. Akapunga mkono, akadondosha mfuko wa karatasi, akarudi nyuma hatua chache ili nisiogope kuusogelea. Ndani maji safi, stimpak (sindano za kujitibu) na silaha za levo yangu. Akanipa alama ya moyo, huyo akaondoka, hatukuongea neno. Nikadhani ni bahati yangu, kumbe ndo utaratibu wa humo, wakongwe wanapita pale makusudi kuwapa wageni. Ukifika kwenye kambi ya mtu unakuta mashine ya kuuzia vitu bei ya visoda vichache tu (pesa ya humo ni visoda), wakati mwingine kimoja kimoja. Hilo Bethesda hawakuliandika kwenye apdeti yoyote, wachezaji wamelijenga wenyewe, na kwangu ndo sababu namba moja ya kubaki.

Ambacho hakijapona ni lile sanduku la kuhifadhia mzigo. Kweli limetoka 400 limefika 1200, ila skrepa (malighafi unazookota) inajaa haraka mno, na boksi la kuweka skrepa bila kikomo wamelifungia kwenye Fallout 1st, uanachama wa kulipia, dola 12.99 kwa mwezi. Hapo siwatetei. Skrepa ndo msingi wa kila kitu humo, kutengeneza, kurekebisha, kujenga, walitakiwa watoe hilo boksi kwa wote wakabaki kuuza nguo na mapambo kama wanavyouza.

Kuhusu mtandao wa huku, ping (ucheleweshaji wa mtandao) inapanda, ila gemu hii muda mwingi mnapigana na mazimwi siyo na watu, inavumilika. Kazi ni kuidownload, inataka nafasi ya GB 80, hiyo ni ya bando la usiku, na uombe umeme usikatike.

Anayeanza leo asilipe bei kamili, kwenye Steam, duka la gemu za PC mtandaoni, inashushwa mara kwa mara, na asinunue 1st kwanza. Kubalianeni mapema mnatumia mashine gani, maana wa PC, wa PlayStation na wa Xbox hawakutani. Mkiingia fuateni stori ya Foundation na Crater mpaka mwisho kabla ya kwenda Skyline Valley, lile eneo jipya la 2024, na kuvua samaki kulikoletwa 2025 fanyeni mkiwa mmechoka kupigana. Maswali mengine leteni hapo chini, najibu wote.