Nilivyoacha Kuifuata Sindano kwa Shingo

Nimekuwa fundi cherehani tangu mwaka 2004, hapa Tanga, mitaa ya Ngamiani. Nashona magauni, madera na suti za vitenge, na ikifika Desemba na Januari ni sare za shule usiku na mchana. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ninavyokaa. Mteja amesimama mlangoni anataka nguo yake ya harusi, wewe utapata wapi muda wa kuufikiria mgongo wako?

Maumivu yalianza taratibu mwaka 2021. Bega la kulia, pale linapoungana na shingo, pakawa pagumu kama jiwe, na jioni panawaka moto. Mama akawa ananichua kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Nalala vizuri, nasema nimepona, lakini kesho yake kabla ya adhuhuri maumivu yamerudi palepale. Kikafuata kiuno. Nikitaka kuinuka nashika meza kwanza, naenda hatua tatu nne nimejikunja, ndipo ninyooke. Watu wakaniambia ni umri. Nilikuwa na miaka 38.

Nilifanya wanachofanya wengi. Nilienda duka la dawa, nikanunua vidonge vya diklofenaki, vikaniondolea maumivu, nikarudi tena, na tena. Nilivimeza karibu kila siku kwa miezi, mara nyingine na chai tupu, mpaka tumbo likaanza kuniunguza. Sikuwahi kuulizwa navimeza kwa ajili ya nini wala tangu lini. Nalisema hili kwa sababu najua mafundi wengi wana kopo la vidonge hivyo kwenye droo ya cherehani. Dawa hizo zikizoeleka zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, na kiti kinachokuumiza kinabaki kilekile.

Kilichonitisha hasa ni Januari 2023. Nilikuwa na sare nyingi kuliko uwezo wangu, nakaa saa moja asubuhi nainuka saa nne usiku. Siku moja natia uzi kwenye sindano ya mkono, sindano ikadondoka na mimi sikuisikia ikitoka. Kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia vilikuwa na ganzi. Mikono hii ndiyo shamba langu. Kesho yake nilifunga duka nikaenda hospitali, na daktari akanipeleka chumba cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi.

Nilimkuta dada mmoja kijana, mpole, hana haraka. Kabla hajanigusa aliniuliza maswali ambayo sikuyategemea: Je, miguu inaishiwa nguvu? Nashindwa kuzuia haja ndogo au kubwa? Nina ganzi sehemu za siri au ndani ya mapaja? Napata homa, natoka jasho usiku, nimepungua uzito? Nilipouliza haya yote na shingo yanahusiana vipi, akanieleza kwamba mishipa ya fahamu ikibanwa sana chini ya mgongo ni dharura ya siku hiyohiyo, na kwamba kifua kikuu hakishiki mapafu peke yake, kinaweza kushika hata mifupa ya uti wa mgongo. Mwenye dalili hizo asianze kushughulika na viti na mito, awahi hospitali. Mimi sikuwa nazo. Akanigonga kwa kinyundo cha mpira, akaipinda shingo yangu huku na huku, akapima nguvu za vidole na kifundo cha mkono, kisha akasema mshipa wa fahamu unasumbuliwa shingoni.

Halafu akasema, "Mama, kaa hapa kama unavyokaa kazini." Nikakaa. Akachukua simu yangu, akanipiga picha kwa ubavu, akanionyesha. Ile picha sijaifuta hadi leo. Mgongo umekunjika kama upinde, mabega yamekuja mbele, na kichwa kimetangulia mbali, utafikiri kinataka kuingia ndani ya cherehani.

Akanipa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Niishike karibu na kifua: nyepesi. Ninyooshe mkono mbele niishike hivyohivyo: haikupita dakika mkono ukaanza kutetemeka. Chupa ni ileile. Kichwa cha mtu mzima kina kilo nne na nusu hadi tano, akasema, na kikikaa juu ya shingo mifupa inakibeba. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke, na kadiri unavyoinama ndivyo mzigo unavyozidi mara kadhaa. Msuli uliokazwa saa nzima bila kulegea haupitishi damu vizuri, ndiyo maana unawaka. Nikafikiria pasi yangu ya mkaa, ile ya zamani. Nilikuwa nimeishika kwa mkono ulionyooka miaka karibu ishirini.

Nilirudi nyumbani na hamasa, nikakosea. Niliamua kukaa wima kama askari wa gwaride, kifua mbele, kutwa nzima. Siku ya tatu mgongo uliniuma kuliko mwanzo. Nikarudi kulalamika, naye akaniambia jambo ambalo ningependa kila mtu alisikie: hakuna mkao mmoja ambao mwili utauvumilia kwa muda wa saa nane. Hata ule mzuri ukiganda ndani yake utakuumiza. Zile sahani laini zilizo kati ya pingili za mgongo hazina mishipa yake ya damu kwa mtu mzima, zinapata chakula kwa kubanwa na kuachiwa, yaani kwa sisi kusogea. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa mbili: kupanga vifaa ili mwili usilazimike kujikunja, na kutokaa sana.

Nikaanza na banda langu. Niligundua kwamba kwa miaka yote nilikaa katikati ya meza, wakati sindano iko upande wa kushoto. Nilikuwa nashona kiwiliwili kimejisokota! Sasa nakaa kitovu kikiwa kinakabiliana na sindano. Stuli ya plastiki niliitoa, nikamtafuta seremala anitengenezee kiti cha mbao chenye egemeo. Alipima kutoka unyayo hadi nyuma ya goti langu, akaongeza kidogo, ili mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini. Nyuma ya kiuno naweka kipande cha kitenge nilichokiviringisha.

Seremala huyohuyo alinipa vipande viwili vya mbao vya unene wa inchi mbili. Tulivichimba vishimo ili miguu ya meza isiteleze, tukaviweka chini ya miguu ya nyuma ya cherehani. Meza ikaniinamia kama dawati la shule. Wiki ya kwanza mkasi uliteleza ukaniangukia miguuni mara mbili, nikashonea kitambaa kigumu ukingoni kuuzuia. Lakini shingo ilisikia tofauti siku ileile, maana kazi ilikuwa imeinuka kunifuata.

Kukata vitambaa nilikuwa nakata chini, kwenye mkeka, nimepiga magoti na kiuno juu. Sasa nakata nimesimama, kwenye meza ya inchi 36 inayonifika nyongani. Kwa mtu mfupi hiyo ni ndefu mno. Simama, shusha mikono, pima kwa mwili wako.

Lingine sikulifikiria kabisa: macho. Nilikuwa nimekaribia arobaini, na uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu nilikuwa siuoni mpaka nikaribie. Taa nayo ilikuwa nyuma ya kichwa changu, kivuli kinaangukia kwenye sindano. Nilipopima macho nikapewa miwani ya kusomea, na cherehani nikaihamishia dirishani mwanga uingie kushoto. Naamini nusu ya kuinama kwangu ilikuwa kutafuta kuona. Fundi ukiwa umepita miaka 38 na shingo inakusumbua, pima macho kabla hujanunua mkanda wa mgongo.

Kusogea ndiko kulikonishinda kwanza. Nikiweka kengele ya simu, inalia nimeshika mkono wa gauni, naizima. Kilichonisaidia ni uzi wa chini. Kila bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi huo, ikiisha, sibadilishi nimekaa. Nasimama, natoka mlangoni, naweka mikono kwenye fremu za mlango pande mbili na kusogeza kifua mbele taratibu mpaka nisikie kinanyooka, kisha narudisha kidevu nyuma kama mtu anayekwepa harufu, bila kuinua uso, nahesabu hadi tano, mara kumi. Nikimaliza ndipo natia bobini mpya. Jioni juu ya mkeka nalala chali, nakunja magoti, nainua nyonga na kuzishusha, mara kumi na tano. Yule dada aliniambia pia, nikisahau, nikumbuke tulivyokuwa tunabeba ndoo na ngata kichwani: shingo inajirefusha yenyewe. Sibebi ndoo tena, ila kumbukumbu ile inanirudisha haraka kuliko maelezo yoyote.

Simu ya usiku niliiacha kwa shida. Nilikuwa natazama mitindo nimelalia mito miwili, kidevu kimegusa kifua. Sasa mto ni mmoja, na mitindo naitazama mchana, simu nimeiinua usawa wa uso.

Ganzi ilichukua wiki sita kuisha. Bega lilichukua karibu miezi minne, na kulikuwa na siku mbaya katikati ambazo nilitaka kurudia vidonge. Kiuno bado kinanikumbusha nikipitisha siku mbili bila mazoezi, na Januari hii iliyopita kilinikamata tena kwa siku nne kwa sababu nilipokea oda kuliko nilivyoweza. Nilizipeleka sare kumi na mbili kwa fundi wa jirani, nikamwachia na hela yake.

Binti ninayemfundisha kazi ana miaka 19, mfupi kuliko mimi, na alikuwa anakalia kiti cha kipimo changu miguu ikining'inia, anafika kwenye pedeli kwa ncha za vidole. Ananiambia, "Dada, mimi siumwi." Hata mimi nilikuwa siumwi. Jumamosi tulikwenda naye kwa seremala, akapimwa goti lake, na kiti chake kikakatwa miguu inchi moja na nusu.