Kiroba cha chumvi

Jana mwanangu alikuwa anasoma meseji kwenye simu yangu kwa sauti, kwa Kiingereza chake kile cha kuvizia neno moja moja. Akakwama. "Mama, salary ndiyo nini?" Nikamwambia ni mshahara, akaendelea kusoma. Mimi nilishindwa kuendelea na nilichokuwa nafanya.

Nilikuwa kidato cha pili, tunakaa Gungu, baba keshaondoka. Mama alikuwa anapima chumvi ya Uvinza kwenye ghala la tajiri mmoja. Uvinza wamechemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo Kigoma haikosi chumvi. Pesa ndiyo ilikosekana. Mwisho wa mwezi tajiri akamwambia achukue kiroba.

Alifika giza limeshaingia, mvua inanyesha. Chumvi ikilowa hutoa maji, na yale maji yalimteremka shingoni njia nzima, yakaingia kwenye mchubuko aliokuwa nao begani kwa kubeba. Kitenge kilikuwa kimeganda kwenye ngozi. Nilikibandua kidogo kidogo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na kila nilipogusa bega lilishtuka, ila yeye hakutoa sauti. Chembe nyeupe zilikuwa zimemkauka kwenye nyusi. Mwishowe akasema, "Umunyu hauozi. Tutauza." Akilemewa, chumvi aliiita kwa Kiha.

Tukaiuza kwa vikombe Kibirizi, kwa wanaokausha samaki. Ada ilipatikana, pungufu.

Siku chache baadaye mwalimu akaandika salary ubaoni. Akatueleza kwamba kibarua hupata wage, kwa siku au kwa kazi. Salary ni ya mwezi, ya mwajiriwa. Akaongeza kuwa neno limetoka kwenye Kilatini, salarium, na ndani yake mna sal, chumvi, kwa sababu askari wa Roma walilipwa chumvi. Darasa zima likacheka. Nikaficha mikono chini ya dawati, maana vidole vilikuwa bado vimepasuka kwa kupima.

Ukubwani nimesoma kwamba undugu wa salarium na sal ni wa kweli, na kwamba Kiingereza kililipata neno kupitia Kifaransa karne ya 14. Ila ushahidi wa askari kukabidhiwa chumvi yenyewe haupo. Kwa nini ujira ukapewa jina la chumvi, wataalamu wanakisia tu. Mshahara wetu ni wa Kiarabu, unatokana na shahr, mwezi. Siku niliyosoma hayo niliweka kitabu chini. Basi katika hadithi yote ile, mtu ninayemjua kwa hakika kuwa alilipwa chumvi ni mama yangu.

Sijawahi kumwambia. Pengine angefurahi, pengine ingemchoma upya.

Anakuja Jumamosi. Mjukuu wake ameshasema atamfundisha bibi neno jipya. Sijamkataza.